Nilitaka Damu Imtaje Aliyemuumiza

Mwalimu nilimpiga kwa mwiko mbele ya darasa lake, na hata nilipoitwa kwa chifu sikuomba msamaha. Ulikuwa mwiko mzito, wa kusongea ugali wa watu wengi. Nilimwambia chifu kwamba niliacha sufuria motoni nilipoletewa habari, nikakimbia kutoka kibandani kwangu, ninapouzia madereva chakula hapa Kambu, hadi shuleni bila kujua nina mwiko mkononi. Ukweli ni kwamba nilijua.

Binti yangu alikuwa na miaka minane, na kifafa alikuwa nacho tangu akiwa na minne, baada ya homa kali iliyomlaza wiki mbili. Watu wanadhani kifafa ni kuanguka na kutoka povu, basi. Chake kilikuwa cha namna mbili. Namna ya kwanza ni hiyo wanayoijua. Ya pili ilikuwa ya kimya: anasimama, macho yanaganda, mdomo unatafuna kitu ambacho hakipo, halafu anarudi na kuuliza, "Umesema?" Siku hiyo mwalimu alimwita ubaoni, akaganda. Akamwita tena, akatafuna. Mwalimu akaona ni dharau, kwamba mtoto anatafuna chingamu akimtazama usoni. Akachukua kipande cha paipu ya maji akamcharaza miguu, mgongo, na mtoto alipoinama, kichwa. Hakulia, kwa sababu hakuwepo. Aliporudi ndipo akaanza kulia, akiuliza wenzake damu imetoka wapi.

"Mama, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," mwalimu aliniambia nilipofika mlangoni, ati ananifunza mimi methali.

"Basi lia wewe," nikamwambia. Nikamshukia begani, halafu nikapiga ule mkono aliojikinga nao. Watoto wakashangilia kama wako mpirani. Nilijisikia vizuri sana, sitawadanganya.

Kwetu mikono ilikuwa ikitembea. Mume wangu hupakia mchanga kwenye malori kule mtoni, kazi ya sepetu tangu asubuhi, na ungedhani mikono hiyo ingerudi nyumbani imechoka. Aka! Alinipiga nikampiga. Mtoto akianguka chini, yeye alianza na ukoo wangu: "Hiki kitu kimetoka kwenu. Kwenu si kuna mtu aliangukia moto?" Kweli alikuwepo, mjomba wangu, na hilo ndilo lililoniuma. Siku moja nilimtupia thamosi ya chai ya moto, ikampata shingoni. Siku nyingine yeye alimvuta mtoto kwa nywele ili amwamshe kutoka kwenye ule ukimya, akamtikisa hadi meno yakagongana. Alikuwa akilia huku akimtikisa. Mwanamume mzima analia na anatikisa mtoto. Nilimchukia na nilimhurumia kwa wakati mmoja.

Mimi nilikuwa nataka jambo moja tu, na ni akili ya mtoto wangu. Akiwa na miaka sita alikuwa akikaa nyuma ya jiko langu na kunitajia ni dereva yupi amekula chapati ngapi na yupi ametoroka bila kulipa. Alipofika minane alikuwa akitumwa chumvi analeta kiberiti, anasimama hapo nacho, uso umepotea. Kila akianguka nilijiuliza huko ndani kumebomoka nini. Kliniki walinipa tembe, moja asubuhi na moja jioni, wakasema zisikatizwe hata siku moja. Lakini hakuna aliyenijibu swali langu. Je, kile kifafa chenyewe kinamla akili, au tunammaliza sisi kwa mikono yetu?

Mama mkwe wangu alikuwa na jibu lake. Alikuja kutoka Kalamba wiki ile ile ya kesi ya mwiko, na gunia la ndengu mgongoni, akakaa kibandani kwangu akanywa chai. Halafu akasema, "Mwana huyu si wa hospitali. Pepo limemkalia akili, halijaila. Likitoka, akili iko pale pale. Twende Kitui." Nisimsingizie, alimpenda mtoto yule kuliko alivyowapenda wanawe mwenyewe. Mtoto alimwita susu, na susu akianza kuimba tenzi, mtoto alifuata hata kama alikuwa amesahau maneno.

Basi tukaenda, sisi watatu, kwenye turubai la maombi nje ya mji wa Kitui. Mahali pale palikuwa na desturi moja. Mgonjwa akiombewa, anatakiwa kuleta dawa zake mbele, azimwage mwenyewe kwenye karai la maji, watu wakiona. Imani yenye dawa mfukoni, walisema, ni imani inayochechemea. Karai lilikuwa la plastiki, la buluu, na nilipolikaribia nikaona tembe za watu wengine zikiyeyuka humo, za presha, za sukari, sijui na za nini tena. Maji yalikuwa ya rangi ya waridi. Mzee mmoja alimwaga zake akacheza densi, magoti yakimtetemeka.

Mimi nilimwaga za mtoto wangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nimechoka na kuamka nikijua nitamwokota mtoto chini, nimechoka na mwalimu, nimechoka na mume, na watu mia wakaniambia haleluya kwa pamoja. Mtu akishangiliwa hivyo hufanya mambo. Mtoto alitazama tembe zake zikizama, akanitazama mimi, nikamwambia atabasamu.

Kisha wakamwombea. Wanaume watatu, mmoja ameshika mabega, mmoja kiuno, na mchungaji anampiga kofi la kipaji cha uso. "Toka! Toka kwa moto! Shindwe!" Kofi, kofi, kofi. Wakamsukuma aanguke, akaanguka, wakamwinua, wakamsukuma tena. Kila akianguka watu walipiga vigelegele. Shingo yake ndogo ilikuwa ikienda nyuma na kurudi. Nami nilikuwepo mstari wa mbele, napiga makofi.

Siku tatu tulizokaa pale turubaini, kifafa hakikumwangusha hata mara moja. Susu alikuwa akilia kwa furaha, anampigia simu kila mtu Kalamba. Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, mtoto alikaza mwili akiwa ameketi kwenye mkeka, akalala ubavu, na kikaanza. Nimekiona kifafa chake zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu. Ukikaa naye na kusubiri, kinapita kabla maji ya chai hayajachemka. Hiki hakikupita. Mikono ilipiga chini, ikapiga chini, midomo ikawa ya buluu, na wale wanaume wakaja mbio, si kusaidia bali kushangilia. "Linapigana! Linatoka!" Mmoja alimkalia miguu. Mwingine alichomeka kijiko mdomoni, nikasikia jino linavunjika. Mchungaji akaendelea na makofi yake, safari hii mashavuni, huku kichwa cha mtoto kikigonga ardhi.

Wa kwanza kupiga kelele hakuwa mimi. Ni susu. "Mwana anakufa! Ngai, mwana anakufa! Mwacheni!" Akamrukia mchungaji, mwanamke wa miaka sabini, akamvuta koti hadi mshono ukaachia. Hapo ndipo akili yangu ilirudi. Nikakamata kiti cha plastiki nikamvunjia mgongoni yule aliyekalia miguu, kikabaki mguu mmoja mkononi mwangu, nikamchoma nao yule wa kijiko. Walitupisha. Kijana mmoja wa bodaboda akatubeba, mtoto katikati yetu akiendelea kurusha mikono, ananipiga kifuani na viwiko njia nzima. Nilimshika kwa nguvu zote na bado alinishinda.

Hospitalini walimchoma sindano moja, ya pili, na ya tatu ndipo mwili ukalegea. Daktari wa watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliuliza ameacha dawa lini. Nikamwambia siku nne. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nilizimwaga. Hakunigombeza, akaandika tu, nami nikaona bora angenitukana.

Baadaye alinikalisha kwenye benchi akaniambia anaomba damu ya mtoto, kidogo, kwa kipimo ambacho bado wanakichunguza. "Mama, seli za ubongo zina vitu ambavyo makao yake ni ndani ya seli," alisema. "Seli ikiumia, vitu hivyo huvuja, vichache mno, vikafika kwenye damu. Siku hizi kuna mashine inayoweza kuviona. Vikiwa vingi, tunajua seli zimeumia. Kipimo hiki hakitamtibu mtoto leo, na bado hatujajua vizuri kukisoma. Ukikataa, matibabu yake yataendelea vile vile."

Mimi ni mpishi, nilielewa upesi. Ukikuta majivu ya jiko yamelowa, unajua sufuria ina ufa hata kama huuoni. "Chukua," nikasema. "Chukua yote unayotaka." Nikatia sahihi. Nilitia kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.

Mtu wa maabara alikuwa ndiyo kwanza amemaliza, chupa ndogo mkononi, baba mtoto alipotokea na ndugu zake wawili. Walikuwa wameshasikia huko njiani, kwa nani sijui, kwamba hospitali inatoa watoto damu na kuwauzia waabudu shetani. Mambo hayo kwetu yanasambaa kuliko moto wa nyasi. "Hiyo ni ya nini?" akauliza. Mtu wa maabara alifungua mdomo ajibu, akala kofi. Chupa ikanyakuliwa ikapigwa sakafuni. Damu ya mtoto wangu ikatapakaa kwenye simenti, ikaingia chini ya viatu vya watu.

Sikumbuki nikivuka ule ukumbi. Nakumbuka ladha. Nilikuwa nimemng'ata mume wangu mkono, juu ya kiwiko, na sikuachia, yeye ananipiga kichwani kwa ngumi ya mkono ule mwingine, shemeji mmoja anavuta nywele zangu, susu amevua kiatu anamtwanga nacho mwanawe mgongoni akimwita mpumbavu. Askari wa hospitali wawili walitutenganisha. Mume wangu alikaa chini pale pale, kwenye damu, mkono wake ukitoka damu nyingine, akaanza kulia kwa kwikwi.

Nilimwambia mtu wa maabara, "Toa tena."

"Mama, tumpumzishe kwanza."

"Toa tena, nimesema. Nimeshika mimi."

Daktari alikuja akamwangalia mtoto, akakubali. Nilishika mkono ule mwembamba, wenye alama za sindano juu ya alama za paipu, nikaugeuza mwenyewe. Mtoto alikuwa amelala, hakusikia. Mume wangu aliuliza kutoka sakafuni, kwa adabu sasa, "Daktari, hiyo damu itasema nini?"

"Itasema kama seli za ubongo zimeumia, na kwa kiasi gani."

"Na nani ameziumiza?" nikauliza mimi. "Hilo pia itasema?"

Kabla hajajibu, muuguzi alimwita wodi nyingine.

Nilingoja majibu wiki nyingi, na nitawaambia nilivyongoja. Sikuyangoja kwa kuogopa, niliyangoja kwa uchu. Nilijipangia. Nilitaka karatasi yenye muhuri. Nitaipeleka shuleni nimsomee mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Nitaipeleka kwenye turubai nimpige nayo mchungaji usoni. Nitaibandika ukutani nyumbani, juu ya kitanda, mume wangu aisome kila akiamka. Nilikuwa nakanda unga wa chapati naona sura zao wakisomewa, na nakanda zaidi, hadi wateja wakalalamika chapati ni ngumu.

Siku ilipofika tuliingia kwa daktari mimi na mtoto. Alikuwa akitembea vizuri, ila neno moja moja lilikuwa likimpotea. Aliita mlango "ile ya kufunga". Daktari alimpa karatasi achore. Kisha akaniambia, "Vile vitu tulivyopima viko juu. Viko juu sana kuliko ninavyotarajia kwa mtoto wa umri wake."

"Niandikie ni nani."

"Mama, kifafa kisichokatika kwa muda mrefu kama kile kinaweza kuvipandisha. Kupigwa kichwani pia. Kipimo hiki hakiwezi kuvitenganisha. Seli ikiumia inavuja, haijui imeumizwa na nani." Akachukua kalamu. "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Siku zile, kabla hajaletwa, alipigwa kichwani?"

Nilifunguka kama mfereji. Mwalimu na paipu yake. Mchungaji na makofi, nikamhesabia. Baba yake na ile tikisa-tikisa yake. Niliwataja wote, na saa na mahali, nikainuka kwenye kiti nikamwonyesha kwa mikono shingo ilivyokuwa ikienda. Daktari aliandika kila kitu.

"Kuna mwingine?"

Hapa kuna jambo nililoliruka, hata kwenu ninyi mnaonisoma. Ile asubuhi ya siku ya nne mtoto hakuwa ameketi tu kwenye mkeka. Muda mfupi kabla yake alikuwa ameitwa mbele atoe ushuhuda. Walimpa maikrofoni, wakamwambia aseme, Yesu ameniponya. Mtoto aliishika kwa mikono miwili, akanitafuta kwa macho, na turubai zima likamsikia akisema, "Mama, nataka dawa yangu."

 Watu waligeuka kunitazama mimi. Niliona aibu, aibu ile inayopanda na joto hadi masikioni. Nikamchukua kwa mkono, nikitabasamu, nikamtoa nyuma ya turubai, nikampiga kofi la sikio kwa nguvu zangu zote. Nilimpiga la pili. Hilo la pili lilimrusha, kichwa chake kikagonga nguzo ya chuma inayoshikilia turubai, na nguzo ikalia. Nilimwambia, "Unaniaibisha mbele ya watu wa Mungu?" Hakulia. Nilimrudisha nikamketisha kwenye mkeka, na pale ndipo alipokaza mwili.

Nyani haoni kundule. Wiki zote zile nilizongoja karatasi, sikuwahi hata siku moja kujiweka mimi kwenye orodha. Si kwamba nilisahau. Nilikumbuka nguzo ilivyolia, halafu nikawa naikumbuka kama kelele tu, ya kitu kilichoanguka.

"Mimi," nikamwambia daktari. "Nilimpiga mimi, asubuhi ile ile. Aligonga chuma."

Aliweka kalamu chini. Mtoto aliendelea kuchora. "Asante kwa kuniambia," daktari akasema, nami nikatamani anipige, haki ya Mungu nilitamani anizabe kofi pale pale ili tulingane. Badala yake alinieleza ya kufanya. Dawa, asubuhi na jioni. Mkono wa mtu yeyote usifike kichwani kwake, wa mwalimu, wa mchungaji, wa baba, wa mama. Alisema atamwita afisa wa ustawi wa jamii awe anakuja nyumbani kutuangalia, na kwamba hilo si la hiari. Nikasema sawa. Baada ya miezi mitatu tungepima tena. "Kama kinachoumiza kimekoma, natarajia vile vitu vishuke," alisema. "Kilichokufa sikuahidi kitarudi. Lakini bado ni mdogo, ubongo wake unaweza kujifunza njia nyingine."

Miezi hiyo ilikuwa ya kazi. Nilimwambia mume wangu yote, hata la nguzo. Alinyanyua ngumi, akaitazama, akatoka nje akaenda kupasua kuni hadi jua likazama. Susu alihamia kwetu. Yeye aliyetupeleka Kitui ndiye aliyegeuka mkali wa dawa kuliko muuguzi. Alikuwa akimpa mtoto tembe, anamwambia afungue mdomo, anainua ulimi na kidole kuhakikisha imeshuka. Afisa wa jamii alikuja kila wiki mbili, akaangalia mtoto mgongo na kichwa, nami nikasimama pembeni nikitazamwa kama mwizi. Nilistahili. Mkono wangu nao nilikuwa naukalia. Nasema kweli kabisa. Mtoto akimwaga unga, mimi huketi haraka kwenye kigoda na kuuweka mkono wa kulia chini ya paja hadi utulie. Wateja walidhani nina mgongo mbaya.

Hakuanguka hata mara moja. Neno "mlango" lilirudi. Siku moja alinong'ona nyuma ya jiko kwamba yule wa shati la kijani amekula nne na analipia tatu, na nikageuka ukutani nikalia hadi nikaunguza chapati.

Miezi mitatu ilipotimia tulikwenda sote wanne. Daktari alituonyesha namba ya kwanza na namba ya pili. Ya pili ilikuwa chini, chini kabisa, karibu na za watoto wengine. "Imeshuka," alisema, na safari hii alitabasamu. Mume wangu alifunika uso. Susu akaanza wimbo. Nami nilijawa na furaha kiasi kwamba nilisahau kila kitu, nikageuka kwa binti yangu, nikanyanyua mkono nimshike kichwa, kile kichwa chake kizuri kilichopona.

Alijikunja hadi magotini, akafunika masikio kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akangoja.

Susu aliukata wimbo. Nilibaki na mkono hewani, mbele ya daktari, sijui niushushe vipi bila kumtisha zaidi.